Namba za Chini ya Rilei

Fundi Rajabu alizikwa kabla sijafika. Simu ilinikuta Makambako asubuhi, nimelala chini ya basi la mteja, na hata nilipoinuka, nikanawa mikono na kupata usafiri, nilijua sitawahi. Waislamu hawamweki maiti wao kusubiri watu wa mbali. Nilipoingia Tunduma jua lilikuwa limeinamia upande wa Zambia, wanaume wamesharudi kutoka makaburini, na uani kwa mjane wake, Bi Mwanaidi, wanawake walikuwa wamejaa mikekani. Nilimpa pole. Akanishika mikono yote miwili, akaigeuza, akatazama kucha zangu zenye grisi. "Umetoka kazini," akasema. Nikaitikia kuwa ndiyo. "Ahsante, mwanangu. Angependa kuisikia hiyo." Nikakaa. Nikainuka kama mtu aliyeitwa, nikakaa tena, nikainuka. Mama mmoja mnene aliyejifunga kitenge cha buluu akacheka chinichini nyuma yangu, akanisalimu kwa Kibemba, "Mulishani, mayo. Hujajifunza tu kukaa?" Uso wake sikuutambua, ila sauti niliijua kabla hajamaliza. Ni Edina, niliyelala naye chumba kimoja karibu mwaka mzima, na ambaye sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka ishirini.

Tulitoka nje tukasimama nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa karakana. Sasa wamejenga stoo ya soda, lakini sakafu ni ileile ya saruji iliyolowa oili mpaka ikawa nyeusi. Edina aliongea, mimi nikasikiliza nusu. Nusu nyingine ilikuwa imesharudi kwenye mwaka ule, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, wakati huku kwetu bado tunahesabiwa mkoa wa Mbeya na malori yakipanga foleni ya mpaka hadi mtu akachoka kuutafuta mwisho wake. Sitaeleza nilikotoka. Iyula ni Iyula, kahawa ni kahawa, na kila nyumba ya kule ina habari ya binti aliyeondoka. Nitaanzia chumbani.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya gesti ya madereva. Kitanda kimoja, jiko la mkaa, ndoo mbili, na dirisha la nondo lililotazama barabara. Malori yalikuwa yakiunguruma bila kwenda popote, na vikombe vyetu vilitetemeka juu ya meza mchana kutwa hata tukazoea kuvipanga vikiwa vimeachana ili visigongane. Kila kitu kilinukia dizeli na dagaa wa Mpulungu, ambao Edina aliwanunua ng'ambo akawakaanga kwa nyanya nyingi mpaka ugali ukawa na rangi ya machweo. Ukutani kwa jirani tulisikia madereva wakisimuliana kwa Kiswahili, Kibemba na Kiingereza cha barabarani: Ndola, Kitwe, Kasumbalesa, Lubumbashi. Miji hiyo niliijua majina kabla sijajua majina ya majirani zangu. Nilikuwa nikila nimesimama mlangoni, sahani mkononi, nikitazama lori lililosogea hatua chache kana kwamba limenisahau. Edina ndiye aliyenilisha maneno yaliyonikaa rohoni mwaka ule wote. "Tunduma ni mlango, Lusia," alikuwa akisema. "Mtu hakai mlangoni. Anatoka au anaingia."

Tuliuza chai na chapati karakanani. Fundi Rajabu alikuwa fundi umeme wa magari, mtu wa Tanga, mrefu, mwenye kofia iliyofifia na ulimi mkali. Alifunga redio, taa za ukungu, na zaidi ya yote honi za upepo, maana mwaka ule kila mwenye gari alitaka kulia kama meli. Asubuhi moja nilimpelekea chai, naye badala ya kupokea kikombe akanipa kidude cheusi cha mraba chenye miguu minne ya chuma. "Wewe umesoma?" akauliza. Nikamwambia nimefika kidato cha nne. "Basi nisomee hapo chini." Kulikuwa na namba ndogo sana, zimechorwa kwenye plastiki kando ya kila mguu. Nikasoma: thelathini, themanini na tano, themanini na sita, themanini na saba. "Themanini na saba iko wapi?" Nikamwonyesha. Akanitaka niiguse kwa kidole, nikaigusa, akaupachika waya palepale nilipogusa. Chai yake ikapoa.

Siku iliyofuata akaniita tena. Safari hii alinyanyua waya mbili akaniuliza hii rangi gani na hii rangi gani. Nikajibu nyekundu, na kahawia. "Una hakika?" Nikarudi kuzitazama, nikasema nina hakika. "Vizuri," akasema. Ndivyo nilivyoanza. Baada ya wiki chache Edina aliuza chai peke yake, mimi nikawa nimejikunja chini ya dashibodi, nikijibu maswali. Bisibisi hii namba ngapi? Ile taa ya testa inawaka au haiwaki? Waya huu umechubuka? Hakuniambia hata siku moja kwamba ananifundisha, lakini sikuona jina jingine la kuiita kazi ile. Niliona fahari. Nilisema moyoni, huyu mzee ananipima, anataka ajue kama naweza.

Alipokuwa ametulia alieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumsikiliza. "Honi hizi zina mdomo mkubwa," alisema, "zinakula umeme mwingi. Kitufe cha dashibodi ni kitoto. Ukimpitishia mtoto mzigo wote ule, atavunjika mgongo. Sasa katikati tunaweka rilei. Kitufe kinanong'ona, rilei inasikia, rilei ndiyo inayoubeba mzigo kutoka kwenye betri mpaka kwenye honi." Waya mnene kutoka betri upite kwenye fyuzi, uingie mguu wa thelathini. Themanini na saba uende kwenye honi. Miguu miwili iliyobaki ndiyo ya mnong'ono: mmoja kwenye kitufe, mwingine kwenye bodi ya gari. Nilipobonyeza kwa mara ya kwanza honi niliyoifunga kwa mikono yangu, ndani ya rilei kikasikika "tik" kidogo, kisha uani kuku wote wakaruka. Madereva wakapiga makofi. Bi Mwanaidi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani lori limeingia nyumbani.

Bi Mwanaidi alitulisha kila Ijumaa. Alikuwa akilalamikia nazi za Tunduma, zilizotoka pwani zikafika zimechacha, lakini wali wake ulifanya uani pote panyamaze. Ijumaa moja nilikuwa nasuuza sahani nyuma ya jiko nikawasikia yeye na mumewe ndani. "Utawaficha watu mpaka lini?" akauliza. Fundi akajibu, "Mpaka Mungu atakapotaka." "Na yule binti? Hana haki ya kuambiwa?" Niliziacha sahani na sabuni zake nikaenda mbio chumbani. Nilimweleza Edina kwamba mzee anataka kuongeza mke, na mke mwenyewe ni mimi. Edina alicheka hadi akakalia ndoo. "Utakula wali wa nazi kila siku," akasema, kisha akaniangalia vizuri. "Sasa umepata sababu. Tuondoke." Alikuwa na binamu Kitwe mwenye duka la vitenge, naye alitaka wasichana wawili wanaojua kuhesabu na kusema Kiswahili kwa wateja wa Kikongo. Shangazi yake wa Nakonde ndiye angetupangia lori. Tukakubaliana kwenda kumwona Jumamosi.

Nikikumbuka sasa naona jinsi nilivyokuwa. Kazi niliipenda, lakini nilikuwa kama gari lililoachwa likiwaka. Lisipoondoka litakula mafuta bure. Kila honi niliyoifunga iliondoka kesho yake kwenda mahali ambako mimi sikuwa nimefika. Jumamosi ile nilimwambia Fundi nina udhuru. Alisita, akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Lazima leo?" akauliza. Nikasema lazima. "Haya. Nenda na Mungu." Tulivuka kwa miguu, tukala ubwali, ugali wa ng'ambo, na maharage kwa shangazi, mambo yakapangwa, na tukarudi jioni tukiimba.

Sikujua kwamba siku ileile, tukiwa ng'ambo, alikuja mfanyabiashara wa ufuta kutoka Mbangala, Bwana Simbeye, na pikapu yake. Alitaka honi ya upepo na alitaka aipate kabla ya saa ya kuondoka, kwani mkewe alikuwa amechoka na safari ni ndefu. Fundi Rajabu aliifunga peke yake.

Walirudi Jumanne asubuhi, pikapu ikivutwa na trekta. Bwana Simbeye alikuwa amefungwa bendeji mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko. Mkewe, Mama Tabia, alishuka akichechemea, amevimba paji la uso. Alisimulia yeye, kwa sababu mumewe alikuwa anapiga kelele tu. Karibu na Nanyala ng'ombe walikuwa barabarani, mume akabonyeza honi, akaendelea kubonyeza. Alipoachia kidole, honi haikunyamaza. Kitufe kilikuwa kimeyeyuka. Moshi ukatoka chini ya usukani, mume akaingiza mkono kuzing'oa waya zilizokuwa zinawaka, na pikapu ikaenda mtaroni yenyewe. "Mungu tu," alisema Mama Tabia. "Mungu na yule kijana wa ng'ombe aliyenitoa dirishani."

Watu walijaa, mafundi wa karakana za jirani wakiwa mbele. Bwana Simbeye akanyoosha mkono wake mzima kunielekea. "Ni huyu! Niliambiwa humu kuna msichana anashika waya za watu. Gari halishikwi na mwanamke!" Wengine wakaguna kukubali. Fundi mmoja wa jirani akasema tulionywa zamani. "Mimi sikuwepo," nikasema. "Jumamosi sikuwepo." "Kila mwizi hakuwepo!" akajibu. Nikaenda kwenye pikapu nikachungulia chini ya dashibodi. Waya mwekundu na wa kahawia zilikuwa zimebadilishana. Mzigo wote wa honi ulikuwa umepitishwa kwenye kitufe, rilei imekaa pembeni haina kazi, na kwenye waya wa betri hapakuwa na fyuzi. Kosa lile hata mimi nisingelifanya. Nikageuka kumtazama Fundi Rajabu. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, na ndipo nilipoona kwamba hamtazami Bwana Simbeye. Alikuwa anaitazama sauti ya mtu yule.

"Mwacheni binti," akasema. "Kazi ile ni yangu."

"Usimfiche, mzee!" mtu akapaza sauti.

Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa rilei mpya, akaiinua juu. "Chini ya hiki kidude kuna namba. Njooni mzisome. Mimi sizioni. Mwaka wa pili huu sizioni. Nyekundu kwangu ni kahawia, kahawia ni nyeusi, na wewe Bwana Simbeye uko mbele yangu kama mtu aliyesimama nyuma ya moshi. Huyu msichana ndiye aliyekuwa akiniona. Jumamosi hakuwepo, nami nikaona haya kukwambia rudi Jumatatu. Nimekuunguza mkono. Nisamehe. Au usinisamehe. Lakini mwacheni."

Nje malori yaliendelea kuunguruma. Bi Mwanaidi, aliyekuwa mlangoni, alijifunika uso kwa ushungi.

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia palepale. Nilikasirika. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani, nikayapitia maswali yake moja moja, rangi gani, namba ngapi, inawaka au haiwaki, na kila moja likanigeukia mikononi. Nilidhani ananipima, kumbe alikuwa ananiuliza. Fahari yangu yote ya mwaka ule ilikuwa fimbo ya kipofu. Nikaanza kupanga nguo kwenye begi. Edina alikunja zake pia, maana lori la shangazi lilikuwa linapita kesho yake.

Kabla ya adhuhuri nilisikia kitu kinakwaruza ukutani. Nikatoka. Fundi Rajabu alikuwa anakuja peke yake, kiganja kikipapasa matofali, mguu ukionja ardhi kabla ya kukanyaga. Sikuwahi kumwona akitembea hivyo. Kumbe ule mwendo wake wa madaha wa kila siku, kifua mbele, ulikuwa kazi kubwa kuliko kazi zote alizofanya. Akafika, akasimama upande ambao sikuwepo. "Lusia?" Nikamwambia niko huku. Akageuka.

"Umenifanya mjinga," nikasema.

"Nimekufanya fundi," akajibu kwa ukali wake uleule, kisha sauti ikamshuka. "Ulipokuwa ukinijibu, mwanangu, nilikuwa najua jibu lako lina maana gani na linaelekea wapi. Macho yalikuwa yako, njia ilikuwa yangu. Sasa njia unaijua. Ukienda, unakwenda nayo. Sikuja kukuzuia. Nimekuja kwa sababu yule mama amekataa."

"Mama gani?"

"Mke wa Simbeye. Mumewe anataka gari lipelekwe kwa fundi mwingine. Yeye amekaa ndani ya pikapu, anasema hashuki mpaka alitengeneze yule binti aliyetukanwa."

Nilikwenda. Mama Tabia alikuwa kweli amekaa kiti cha mbele, mikono kifuani. "Haya, fundi," akaniambia mbele ya watu wote, "anza, tuone." Niling'oa waya zote zilizoungua hadi nikaufikia mzima. Nikapitisha waya mnene mpya, nikaweka fyuzi karibu na betri, nikageuza rilei nikasoma namba zake kwa sauti, si kwa ajili ya Fundi peke yake bali kwa ajili ya uwanja mzima. Thelathini, hii hapa. Themanini na saba, hii hapa. Nikakwangua rangi ya bodi mpaka chuma kikang'aa, nikafunga waya wa chini. Kitufe kipya nikakikaza mbali na goti la dereva. Fundi Rajabu alikaa juu ya tairi, hakuuliza swali hata moja. Nilipomaliza nilimwambia Mama Tabia abonyeze yeye. Alifumba macho, akabonyeza. Honi ililia hadi watu wa foleni wakachomoza vichwa vyao madirishani. Akaachia. Ikanyamaza. Akabonyeza tena, akaachia, ikanyamaza tena, na alipogusa kitufe kile kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayempima mtoto homa, akasema, "Kiko baridi." Bwana Simbeye hakunitazama. Aliliwasha gari kwa mkono wa kushoto, na alipofika barabarani, pasipokuwa na ng'ombe wala mtu, akapiga honi mara moja.

Edina aliondoka kesho yake bila mimi. Nilimsindikiza mpaka kwenye kizuizi, akalia kwa hasira, akaniambia nitaozea mlangoni. Siku ya mazishi ndipo aliponieleza kwamba Kitwe alikaa msimu mmoja tu, binamu akafilisika, akarudi Nakonde akaolewa na mtu wa forodhani, na tangu hapo hajavuka hata kwenda Kasama bila kulazimishwa. Mimi ndiye niliyelala katika miji yote, Mlowo, Mbalizi, Chimala, Makambako, na kila nilipopangisha karakana nilianza kuutazama mlango kabla sijaijua harufu yake. Tulicheka, halafu Edina akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge.

Lakini mwaka ule niliumaliza. Wateja walipungua, kisha wakarudi mmoja mmoja, wakiniuliza mimi badala ya Fundi, naye akikaa kwenye tairi lake na kutoa amri ambazo sasa zilikuwa amri kweli. Bi Mwanaidi aliapa hapiki tena mpaka mumewe akubali kupelekwa hospitali. Fundi alikuwa anaogopa kisu cha daktari, na alisema hivyo waziwazi: gizani anakujua, akitoka hospitali je? Njaa na aibu vilimshinda. Tulimpeleka Mbeya sisi wawili, na daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba angekuja mapema asingeteseka hivyo.

Walimfanyia jicho la kulia kwanza. Asubuhi ya pili muuguzi alikuja kumfungua bandeji, mimi na Bi Mwanaidi tukiwa tumesimama miguuni pa kitanda. Fundi alipepesa, machozi yakamtiririka, akatazama dirisha. Akatazama shuka, akalishika, akasema ni jeupe. Akamtazama mkewe kwa muda mrefu, hadi Bi Mwanaidi akasema, "Usiseme nimezeeka." "Sijasema kitu," akajibu.

Kisha akanigeukia mimi. Alinitazama kuanzia viatu. Alipofika usoni akakunja paji.

"Wewe ndiye Lusia?"

"Ndiyo mimi, Fundi."

"Mbona mtoto!"

Muuguzi akacheka. Bi Mwanaidi akacheka akalia. Fundi Rajabu hakucheka. Aliendelea kunitazama, jicho lake jekundu likihangaika usoni pangu kama linatafuta mtu mwingine aliyekuwa akijibu sauti ile, mtu mzima ambaye yeye alimkabidhi magari ya watu.

"Ningekuwa naona siku ile uliponiletea chai," akasema polepole, "ningekunywa, nikakurudishia kikombe, nikakwambia asante, nenda zako."

Nilimpa mkono ashuke kitandani, naye hakuushika. Alitaka ajaribu mwenyewe.